Paa Lililokataa Kulala

Nyumbani,
3 Juni

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Sisi hatujambo, na ninapoandika hivi nakuona unasoma ukiwa umesimama, maana Mama anasema hujawahi kusoma barua ukiwa umekaa. Yeye hajambo, ila goti lake limeanza kutabiri mvua. Linatabiri miezi mapema, ndiyo maana halikosei. Paka amezaa ndani ya sanduku la randa za Baba. Baba alisema atawahamisha watoto kesho, na kesho hiyo inaingia wiki ya pili. Kwa sasa anaazima randa kwa jirani.

Mimi nimemaliza shule. Kila mgeni anauliza, "Sasa unafanya nini?" nami najibu, "Nipo." Ni jibu zuri. Linamridhisha kila mtu isipokuwa Mama.

Najua ungependa nipige simu. Siku ile nilipiga, ukasema haloo, haloo, haloo, nami nilikuwa nakuitikia kwa kichwa. Kwa hiyo naandika.

Jambo lenyewe ni gari lako la paa la kukunja. Baba analihitaji banda. Mbao zake ziko nje, na mvua za mwaka jana zilimharibia mbao za vitanda, akalazimika kuwaomba radhi wateja, jambo ambalo unajua hulifanya kwa shida. Sasa amesema gari haliwezi kukaa ndani mwaka mwingine. Nikamwambia (kwa kweli Mama ndiye aliyemwambia, mimi nilikuwa nyuma yake) kwamba likae uani. Akajibu, "Gari ambalo paa lake halifungi, ukiliweka kwenye mvua si gari tena. Ni beseni." Tangu hapo analiita Beseni.

Juzi alikuja mnunuzi wa vyuma chakavu. Watu wanamwita Mizani, kwa sababu haiachi mizani yake hata akienda kusalimia wagonjwa. Alilizunguka gari, akaligonga mlango kwa vidole kama anachagua tikiti maji, akasema atalikata vipande. Baba hakukubali wala hakukataa. Alisema paa likiweza kufunga kabla ya mvua, gari litakaa uani. Lisipoweza, Mizani alete lori.

Shangazi, nisamehe kwa ninaloandika sasa. Una miaka mitatu huko. Kila ukiulizwa utakuja lini, unajibu, "Nitakuja kuchukua gari langu." Gari likiondoka utakuja kuchukua nini? Ndiyo maana nataka lipone. Nielekeze cha kufanya, nami nitafanya, ila isiwe kazi ya kuongea sana.

Baba ameniona nikiandika. Amenisogezea kiti chenye mto.

Mwanao,
Sisimizi


Karakana ya viti na maturubai,
20 Juni

Sisimizi wangu,

Marahaba, marahaba, na nyingine iweke akiba. Barua nimeisoma nikiwa nimesimama, mwambie mama yako ameshinda. Huku kazi zimetuzidi kimo. Tunashona maturubai ya malori na viti vya mabasi, na wiki hii bwana mmoja kaleta kochi la ofisini. Tulipolifumua tukakuta ndani kijiko, soksi moja na meno ya bandia. Ofisi nzima imeapa kuwa meno si yao, na kila aliyeapa ameachama mpaka tukaona koo.

Hongera kwa kumaliza shule. "Nipo" ni kazi nzuri, mwanangu, ubaya wake haina likizo.

Sasa gari. Mwambie mwenye banda kwamba nimesikia, na kwamba gari la milango miwili lililokuwa likiwafanya watu watoke madukani kulitazama haliitwi Beseni. Halafu usimwambie. Acha.

Fanya hivi. Ondoa kile kitambaa cha zamani chote, kimeshakufa. Tazama fremu iliyo chini yake. Niandikie palipovunjika, kwa maneno yako, usitafute maneno ya kitabuni. Kitambaa kipya nitakishona mimi mwenyewe hapa. Hiyo ndiyo kazi yangu, na sijawahi kushona paa la gari langu mwenyewe, maana mganga hajigangi. Lakini chuma sikijui. Chuma kitataka fundi wa kuchomelea, na fundi atataka mtu wa kumweleza. Mtu huyo ni wewe. Najua. Kunywa maji kwanza.

Unauliza nitakuja lini. Huku hali ya hewa ni nzuri.

Shangazi yako


Nyumbani,
4 Julai

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Mama alicheka meno ya bandia mpaka akashika ukuta. Baba alikuwa anapaka vanishi kwenye mlango, akauliza, "Mnacheka nini?" Mama akamsomea. Hakucheka, lakini alirudia kupaka sehemu ambayo alikuwa ameshaipaka. Goti la Mama linasema mvua zitawahi. Watoto wa paka wamefungua macho.

Nimetoa kitambaa. Chini yake nimekuta fremu yenye pinde tatu zinazopita juu kama mbavu. Kila upande kuna mkono mmoja unaozibeba, na kila mkono una bawaba katikati, kama kiwiko cha mtu. Paa likifunguliwa viwiko vinapinda na mbavu zote zinalala nyuma ya viti. Likifungwa viwiko vinanyooka na upinde wa mbele unakwenda kushika kwenye kioo. Nimekaa ndani ya gari muda mrefu nikilitazama. Ni zuri sana, Shangazi, hata likiwa bovu. Ni kama mkono wa mtu aliyelala.

Upande wa kulia ni mzima. Wa kushoto umevunjika kwenye kiwiko penyewe. Bawaba imekatika na pini imepinda, kama vile kuna mtu alikuwa anavuta huku na mwingine anavuta kule. Nilimuuliza Baba ilikuwaje. Akasema, "Vyuma vya zamani." Wewe unakumbuka ilikuwaje?

Nimeufungua mkono wa kushoto kwa spana, Mama akinishikia. Fundi wa kuchomelea aliye karibu ni yule wa mageti na madirisha, wanamwita Cheche. Anaongea kama redio. Kesho nitampelekea. Nimeandika kwenye karatasi nitakayomwambia na nimeikariri.

Mwanao,
Sisimizi


Karakana,
15 Julai

Sisimizi wangu,

Marahaba. Barua yako imefika leo, nami naandika leo hii hii nikijua barua zetu zina miguu ya kobe. Sina habari za kuchekesha. Meno bado hayajapata mwenyewe, tumeyaweka dirishani, yanatutazama.

Nisikilize. Umesema huyo Cheche ni mtu wa mageti. Mtu wa mageti akiona kitu kinachocheza, mkono unamwasha, anataka kukifunga. Kama hujaenda, au hata kama umeshaenda na hajaanza, mwambie: kiwiko kisichomelewe! Atengeneze bawaba upya, itiwe pini, ipinde. Mwambie kwa mdomo. Ukimpa karatasi ataiwekea chai juu.

Na ili nikate kitambaa, nahitaji vipimo vya aina mbili: paa likiwa limesimama, na paa likiwa limelala. Pande zote mbili, kulia na kushoto. Usisahau la kulala. Kitambaa kinachojua kusimama tu hupasuka siku ya kwanza.

Ilikuwaje likavunjika? Ni vyuma vya zamani.

Shangazi yako


Nyumbani,
26 Julai

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Natumaini hujambo na wenzako wa karakana hawajambo, pamoja na meno. Sisi hatujambo kabisa. Mama hajambo. Goti lake nalo halijambo. Baba hajambo, na alisikia salamu zako, ingawa naona katika barua hukuziandika. Watoto wa paka ni wazima, mmoja ana doa jeupe puani kama amechungulia sufuria ya maziwa. Jirani amepaka nyumba rangi ya kijani. Kuna mtu amefungua duka la viatu pale kwenye kona. Viatu ni vizuri.

Kuhusu gari, kazi imefanyika. Cheche ni mtu mkarimu. Alinipa kiti na soda. Mkono wa kushoto sasa ni imara sana. Nimeurudisha kwenye gari mwenyewe na fremu imesimama, imara. Hata ukiutikisa mkono ule hautikisiki, alivyoufanya imara.

Vipimo nimeviandika nyuma ya karatasi hii. Likiwa limesimama, kulia na kushoto.

Mwanao mtiifu,
Sisimizi


Karakana,
12 Agosti

Sisimizi wangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia habari za viatu.

Mwanangu, mimi nimeshona paa za watu kwa miaka. Barua yako ina "imara" tatu. Imara ni sifa ya nguzo, ya choo na ya ndoa ya watu wengine. Haijawahi kuwa sifa ya paa la kukunja. Umenipa vipimo vya kusimama, vya kulala hakuna. Na katika hivyo vya kusimama, kushoto kunazidi kulia kwa upana wa vidole vinne. Gari langu halikuwa na bega moja juu.

Kwa hiyo najua. Kachomelea kiwiko. Kaunyoosha mkono kama nondo ya dirisha, paa haliwezi kulala, na nadhani halifiki hata kwenye kioo cha mbele. Na wewe ulikuwa umekaa pale kwenye kiti ulichopewa, una soda mkononi na karatasi uliyoikariri, unamtazama anachomelea. Ukasema, "Asante."

Sikugombezi. Mimi nina ulimi unaotosha watu wawili na sijui umenifikisha wapi. Lakini kitambaa siwezi kukikata. Mvua zikija na paa limeachama, Mizani ataleta lori lake na itakuwa haki yake.

Rudi kwa Cheche. Mara hii usipeleke mkono peke yake, peleka fremu nzima, aone kulia kunavyocheza. Karatasi iache nyumbani. Sema neno moja tu, la pili litakuja lenyewe.

Shangazi yako


Nyumbani,
30 Agosti

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Nililia kidogo, halafu nikacheka nilipofika pale ulipotaja choo na ndoa ya watu wengine. Mama hajambo, amesoma barua yako na kuniambia, "Kumbe!" Baba hajambo. Watoto wa paka sasa wanapanda mbao, na yule wa doa anafuata msumeno kwa macho kama anajifunza kazi.

Ndiyo, alichomelea. Mbele ya macho yangu. Nilikuwa nasubiri anyamaze ili nianze, na hakunyamaza. Aliniuliza maswali na kuyajibu mwenyewe. "Umetumwa na baba? Eeh, umetumwa na baba. Unataka kitu cha kudumu? Eeh, nani hataki!" Nilipofika nyumbani na kuufunga mkono kwenye gari, wa kulia ulipinda na wa kushoto ukabaki umenyooka. Upinde wa mbele uliishia juu ya kioo umeinamia upande, kama mtu aliyeinua nyusi moja. Nilikuwa nimeahirisha kwenda karibu wiki tatu, na barua yako ya onyo ilifika siku ya pili.

Basi nilirudi. Tuliibeba fremu nzima, mimi mbele na Mama nyuma, na mtaa wote ulitutazama. Mwanamke mmoja akauliza, "Hicho kitanda cha nani?" Mama alinisindikiza mpaka mlangoni kwa Cheche, halafu akasema anakwenda kutazama viatu. Alifanya makusudi.

Ndani kulikuwa na wateja wanachagua mageti. Cheche akafungua redio yake: "Aaa, binti wa seremala! Umerudi kunishukuru? Umerudi kunishukuru!" Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimekunywa maji mengi. Neno likatoka kubwa mno, sijui lilikuwa limekaa wapi siku zote, maana wateja wote waligeuka.

"Kata!"

Cheche akazima moto wake. "Nikate nini?"

"Kiwiko. Kata. Hiki kinatakiwa kupinda."

Akatazama fremu. Nikamshikia mkono wa kulia na kuukunja, nikaunyoosha, nikaukunja tena. Halafu nikamwonyesha wa kushoto. Alinyamaza. Shangazi, alinyamaza kabisa! Kisha akasema, "Miaka yote hii haijarudi kwangu kazi hata moja. Mbona siku ile hukusema?"

"Ulikuwa unaongea," nikasema.

Wateja wakacheka, mmoja akapiga geti kwa kiganja. Cheche naye akacheka mpaka akavua miwani yake myeusi. "Mimi nilidhani wewe ni bubu, mwanangu! Nikakuonea huruma. Ndiyo maana nikachomelea mara mbili, ya pili nilikupa zawadi."

Zawadi hiyo ilitusumbua mchana kutwa. Alikata kwa msumeno, akasaga, na chuma cha bawaba kikaisha kabisa, ikabidi achonge bawaba mpya. Nilikuwa nimefuatisha umbo la kiwiko cha kulia kwenye kipande cha boksi, na alipotaka kukifuata hivyo hivyo nikamwambia, "Geuza kwanza. Kushoto si sawa na kulia, ni kama kulia ukikitazama kwenye kioo." Akanitazama. Akageuza. Aliponyanyua kile chuma kikiwa chekundu akasema, "Samaki mkunje angali mbichi, chuma kikunje kingali kinawaka." Akatoboa tundu, tukatia boliti na wosha, ile pete nyembamba ya chuma, tukapaka grisi. Linapinda, Shangazi. Vipimo vipya vya kusimama na vya kulala nimeviandika nyuma, kulia na kushoto, na vinalingana karibu sawasawa.

Njiani kurudi Mama alinieleza siku paa lilipovunjika. Alisema ulikuja kuaga kwamba unakwenda kufanya kazi mbali, Baba akasema huendi, wewe ukasema unakwenda, na manyunyu yakaanza. Baba akashika paa upande wa kulia ili alifunge gari libaki. Wewe ukashika upande wa kushoto ulifungue uondoke. Mama akasema, "Mafahali wawili walipigana, ikaumia bawaba." Ukaondoka kwa basi. Ni kweli?

Mizani alipita jana kutazama mawingu. Anayatazama kama ni yake.

Mwanao,
Sisimizi


Karakana,
16 Septemba

Sisimizi wangu,

Marahaba. "Kata!" Nimewasomea wenzangu, na sasa humu ndani hakuna anayesema neno jingine. Mtu akitaka mkasi, kata. Akitaka chai, kata. Mwenye karakana anauliza kuna nini, anaambiwa kata.

Kitambaa kimo katika kifurushi hiki. Ni turubai laini, nyeusi, nimeishona mshono wa kukunjia ndani ili maji yasipate njia. Anza kuifunga nyuma, kisha pembeni, mwisho kwenye upinde wa mbele. Itabana. Ni mpya, kila kipya hubana. Usiivute siku ya baridi, ianike juani kwanza ilegee.

Kuhusu aliyokueleza mama yako, uzi niliotumia ni wa maturubai ya malori, hauozi upesi.

Kuhusu kuja, sijui, mwanangu. Mtu akishaondoka kwa kishindo, kurudi kimyakimya ni kazi kuliko unavyodhani. Hakuna aliyeniambia nije. Wewe umeniambia, nakushukuru, lakini banda si lako.

Funga paa kabla ya mvua.

Shangazi yako


Nyumbani,
4 Oktoba

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Mama hajambo, goti lilisema leo na leo ikawa. Naomba barua hii uisome ukiwa umekaa.

Kifurushi kilifika juzi. Jana niliianika turubai juani mpaka ikawa laini kama shuka, na leo asubuhi mimi na Mama tumeifunga kama ulivyosema, nyuma, pembeni, mbele. Baba alikuwa bandani anapiga randa. Alisema kitu kimoja tu tangu asubuhi: "Leo ndiyo leo." Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye mabati.

Tulipomaliza tu kufunga, lori likasimama barabarani. Mizani akashuka na vijana wawili, na mizani yake begani. Akasema, "Naona mnalivisha nguo kabla ya safari."

Tukalijaribu paa. Kulala, lililala vizuri, mbavu zote tatu, mpaka Mizani akainua kidevu. Tukaanza kulifunga. Likanyanyuka, likafika katikati, likakwama. Likabaki wima juu ya viti, mikono yote miwili juu. Mizani akacheka sana. "Hata gari lenyewe limesalimu amri! Limenyoosha mikono!" Vijana wake wakaanza kufungua mlango wa nyuma wa lori.

Shangazi, nilihisi kitu kilekile cha siku ya soda. Nilijua kilichokwama. Nilikuwa nimeona kwamba kiwiko cha kushoto kinasugua, kwa sababu asubuhi nilipokaza boliti upya nilikuwa nimeiweka wosha ndani badala ya nje. Ya kulia iko nje. Nilimwambia Cheche kushoto ni kulia kwenye kioo, halafu mimi mwenyewe nikasahau. Lakini ili niitoe wosha lazima mtu abebe uzito wa fremu, na Mama hafiki juu.

Nikasema, "Subirini." Vijana wakaendelea. Nikasema tena, kwa sauti ile iliyowageuza wateja wa mageti, "Nimesema subirini! Hamjaambiwa mlichukue!"

Randa ikanyamaza bandani.

Baba akatoka na vumbi la mbao kichwani. Alitazama paa, akamtazama Mizani, akanitazama mimi. Nikadhani nimekosa adabu mbele ya wageni. Akauliza, "Kimekwama nini?"

"Wosha. Nataka mtu ashike hapa juu."

Akaja, akaingiza bega chini ya upinde wa katikati. Nikapiga magoti kwenye kiti na spana. Boliti ilipolegea, fremu ikamwelemea, na nikaona mikono yake inashika upande wa kulia inataka kuivuta ifunge kwa nguvu. Nikapiga kelele, "Baba, usivute!"

Nimempigia Baba kelele, Shangazi. Mama alifunika mdomo wake. Baba aliniangalia kwa muda ambao naona bado haujaisha. Halafu akalegeza mikono. Akasema polepole, "Haya. Sivuti. Wewe sema."

"Inua kidogo. Hapo. Tulia." Nikaitoa wosha, nikaiweka nje, nikakaza. "Sasa shusha. Usisukume, iache iende yenyewe."

Ikaenda yenyewe. Upinde wa mbele ukafika kwenye kioo, nikabana ndoano mbili, na sauti yake ilikuwa ndogo sana kwa kazi yote ile. Tone la kwanza likaanguka juu ya turubai yako, tukalisikia wote.

Mizani akasema, "Kwa hiyo?"

Baba akasema, "Kwa hiyo nini? Huoni mbao zangu zinalowa? Waambie vijana wako wasaidie."

Na wakasaidia! Tulilisukuma gari uani sisi wote, Mizani mwenyewe akiwa nyuma kwa bega, na vijana wake wakaingiza mbao bandani wakikimbia. Mizani amekunywa chai mbili hapa mpaka mvua ikapungua, akaondoka akisema hajawahi kutoka nyumbani kwa mtu akiwa ameacha nguvu na hakuchukua kitu.

Sasa mvua inanyesha sawasawa. Tumekwenda kukagua ndani ya gari. Pakavu, isipokuwa pembe moja ya kushoto, panapita tone moja moja. Baba ameipapasa ile pembe muda mrefu kuliko inavyostahili tone. Halafu akaja, akaniambia nimwachie nafasi chini ya barua. Nimemwachia. Ameomba nisisome, lakini bahasha ni mimi ninayeifunga.

Mwanao,
Sisimizi

Dada,
Shikamoo. Gari liko uani, limefungwa. Mtoto amelifanya, mimi nilishika tu. Turubai yako imebana upande wa kushoto, inavuja pembeni. Mimi ni seremala, sijui kushona. Kazi hiyo haifanyiki kwa barua. Usiandike tena, njoo.